Kitabu cha Klarineti ya Pili

Casilda Bermejo alikuwa mfutaji. Watu wa jengo lake pale mtaa wa Lavapiés walidhani anafuta sakafu za matajiri, naye hakujisumbua kuwasahihisha, kwa sababu kuieleza kazi yake kulichosha kuliko kuifanya. Alikuwa akifuta maandishi ya penseli. Kulikuwa na nyumba moja ya kutunzia nota katikati ya Madrid, ghorofa ya pili, juu ya duka la kofia, ambayo rafu zake zilijaa zarzuela mpaka darini. Hiyo ndiyo michezo yetu ya nusu kusema na nusu kuimba. Kila mchezo ulikuwa na seti ya vitabu vya wapigaji: cha fidla ya kwanza, cha filimbi, cha ngoma, kila mtu na chake. Makampuni yalikodi seti, yakazunguka nayo mikoani msimu mzima, kisha yakairudisha. Na ilirudi imechafuka vibaya.

Lakini mpigaji wa zarzuela naye umwonee huruma. Kawekwa shimoni mbele ya jukwaa, haonekani, makofi yote yanampita juu ya kichwa kwenda kwa wenye sauti na mashavu ya rangi. Kati ya wimbo na wimbo wachekeshaji wanapiga domo robo saa nzima. Afanye nini? Anaandika. Anaandika ukingoni kwamba hapa soprano hukimbia, usimfuate. Anachora pua ya kiongozi wa bendi. Na mwisho wa ukurasa wa mwisho, chini ya nota ya kufungia, anaandika tarehe, mji, jina lake na neno moja mawili: Soria, theluji, tenori amelewa. Hii ilikuwa desturi ya tangu enzi za maonyesho manne kwa jioni moja, kila onyesho saa moja, na hakuna mkuu wa bendi aliyewahi kuiweza.

Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba seti itoke safi kama ilivyozaliwa. Mpira haukuruhusiwa, kwa kuwa mpira hula karatasi na huondoka na wino. Kilichotumika ni mkate. Unachukua mkate mweupe wa jana, unatoa ile sehemu laini ya ndani, unaifinyanga kidonge, kisha unaipitisha juu ya penseli polepole, bila kukandamiza, mpaka kidonge kiwe cha kijivu. Ganda la mkate lilikuwa haki ya mfutaji. Casilda alilipeleka nyumbani kila siku, likatiwa kwenye supu ya vitunguu saumu.

Kabla ya vita hakuna aliyeona ajabu katika hilo. Baada ya vita, mkate wa kadi ya mgawo ulikuwa mweusi, una mahindi ndani na Mungu ndiye ajuaye nini kingine. Ukiupitisha kwenye karatasi unaacha njia kama ya konokono. Kwa hiyo Don Telesforo, mkuu wa nyumba ile, mzee mwoga mwenye moyo mzuri, alikuwa akiletewa na mpwa wake mwoka mikate bofulo moja jeupe kwa wiki, akilifungia kwenye mtoto wa meza pamoja na mhuri. Nchi nzima inalala na njaa, na kuna mahali mkate mweupe unatumika kufutia penseli. Mimi sina la kusema hapo. Casilda alikuwa akihisi harufu yake kutoka upande wa pili wa chumba, akajikaza, akafuta.

Hata mume Casilda alimpata kwa kazi hiyohiyo. Ceferino Olalla alikuwa klarineti ya pili. Klarineti ya kwanza hupewa wimbo, ya pili hupewa kazi, na Ceferino alikuwa na nafasi nyingi ya kuandika. Mwaka mmoja aliandika pembeni ya kitabu chake kwamba aliyekifuta mara iliyopita ana mkono mwepesi, na je, mkono huo una jina? Casilda alifuta swali, kama ilivyompasa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akaandika badala ya kufuta: Casilda. Msimu ulipoisha Ceferino alikuja mwenyewe kurudisha kitabu, amevaa koti lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Walioana kabla ya Kwaresima.

Mwanzoni mwa Julai mwaka wa 1936 kampuni yake ilikwenda Zaragoza kwa msimu wa kiangazi, na zarzuela moja fupi ya kuchekesha iitwayo Muuza Mishumaa, juu ya binti mmoja na wachumba wake watatu. Siku kumi na kitu baadaye vita vilianza, na Zaragoza ikaangukia kwa wanajeshi waasi, ambao ndio walioshinda mwishowe na kushika serikali, na Madrid upande mwingine. Treni zikasimama. Barua zikasimama. Miaka mitatu Casilda hakupata hata neno. Vita vilipokwisha, baadhi ya watu walirudi kwa miguu, wengine wakarudi majina yao tu kwenye karatasi yenye mhuri. Ceferino hakurudi kwa njia yoyote kati ya hizo.

Kilichofika ni uvumi. Ilisemekana nusu ya kampuni ilitoroka kupitia Lisbon ikapanda meli ya Buenos Aires, na miongoni mwao alikuwamo mwimbaji mmoja wa kwaya aitwaye Visitación, msichana wa nywele nyekundu aliyekuwa akicheka sana. Kuanzia hapo mama yake Ceferino, Práxedes, aliyekuwa akiishi na mkwewe katika chumba kimoja na nusu, alikuwa na yakini. Mwanawe amemtoroka mke. Mwanawe ni mhuni, ni mbwa, ni aibu ya ukoo, na yuko Buenos Aires na Visitación. Aliyasema hayo dirishani, aliyasema kwenye foleni ya makaa. Na jengo letu lile ni la ua katikati, milango yote inatazamana, siri haina pa kukaa. Ikawa Casilda anapopita na ndoo yake wanawake wanapunguza sauti, na mmoja wao, ambaye mume wake alikuwa hajatorokea hata kona ya pili kwa uvivu tu, alimpa ushauri wa kujipaka poda.

Casilda hakuamini hata siku moja. Alimjua Ceferino, mtu yule hakuweza kuficha hata chokoleti ya siku ya kuzaliwa. Alichotaka ni kujua, basi. Ajue siku na mahali, avae nyeusi, asomewe misa. Alipokwenda kwa padri, padri alimwambia kwa upole kwamba hawezi kumwombea marehemu mtu ambaye huenda muda huu anakula. Kwenye ofisi ya serikali walimwandika: ameolewa, mume hayupo. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Kwa miaka minne na nusu alivaa gauni la kahawia na hakuwahi kulia mbele ya mtu, kwa sababu akilia, atakuwa anamlilia nani? Mume aliyekufa au mume wa Visitación? Jengo zima lilikuwa limekwisha kuamua.

Seti ya Muuza Mishumaa ilikuwa imebaki Zaragoza miaka yote hiyo, ikipigwa na bendi ya ukumbi wa kule. Kama si kampuni moja ya Madrid kuitaka kwa ajili ya Pasaka, huenda isingerudi kamwe. Siku hizo zarzuela ilikuwa inatafutwa tena, ingawa yenyewe ilikuwa imeanza kukohoa. Ukumbi wake mkubwa kuliko wote ulishabomolewa pakajengwa benki, na sinema zilikuwa zinazila kumbi ndogo moja moja. Opera ya Kiitaliano sisi hatukuihesabu. Jumba lao la kifalme lilifungwa mwaka wa 1925 kwa kuwa lilikuwa linatitia, na hakuna mtu Lavapiés aliyekosa usingizi. Lakini Muuza Mishumaa hata dobi aliujua, na kiziwi aliupigia mguu.

Sanduku lilifika Jumatatu moja ya Februari 1941. Don Telesforo aliona jina la mchezo, akamtazama Casilda, akasogeza sanduku kwenye meza ya Casilda, kisha akakumbuka kusema kwamba Alhamisi mkaguzi wa serikali atakuja kupitia vitabu vyote kabla havijatoka, maneno na nota, ukurasa kwa ukurasa.

Casilda alikichukua kitabu cha klarineti ya pili kwanza. Aliujua mwandiko kabla hajavaa miwani. Alikwenda moja kwa moja mwisho, na hapo chini ya nota ya kufungia Ceferino alikuwa amejipanga mstari kwa mstari, kama kawaida yake. Julai 12, joto, soprano amezimia kweli na watu wamepiga makofi. Julai 20, treni hazitembei. Agosti 3, tunawapigia wanajeshi, wanacheka mahali si pa kuchekea. Casilda alitabasamu hapo. Mkono wake ukatangulia kuelekea mkate kwa mazoea, akaurudisha. Septemba 11, onyesho la kwanza limekwenda vizuri. Baada ya hapo mwandiko ulibadilika. Ulikuwa mdogo, wa herufi zilizoinamia nyuma, umejaza nafasi yote iliyobaki mpaka ukingoni.

Uliandikwa hivi: "Septemba 12. Mimi ni Nemesio Lahoz, wa hapahapa Zaragoza. Nimekalishwa kwenye kiti cha yule Mmadrid. Walimwita mlangoni jana kati ya onyesho la kwanza na la pili. Alijua anarudi, maana koti aliliacha kitini, na tete ya klarineti yake ilikuwa bado ina mate nilipoishika. Wamemuua alfajiri kwenye ukuta wa makaburi, yeye na wengine sita, kwa sababu ya kadi ya chama cha wafanyakazi wanamuziki. Alilala nyumbani kwetu wiki nane. Alituambia mke wake ndiye anayesafisha vitabu hivi. Barua hazipiti, lakini kitabu kitarudi kwenu siku moja. Bibi Casilda, nisamehe kwa kukuletea habari hii. Ukishasoma, fanya kazi yako."

Chini yake kulikuwa na tarehe nyingine nyingi, mwaka wa 1937, wa 1938, wa 1940, na kwa kila moja Nemesio aliandika maneno yaleyale: kiti cha Mmadrid.

Casilda alisoma mara tatu. Mara ya nne hakusoma, aliangalia tu. Alikuwa amejiandaa miaka yote kwa neno "amekufa", na lilipokuja halikumwangusha. Kilichomchoma ni lile koti. Alijiuliza nani alilichukua, na kama ni mtu aliyelihitaji.

Siku ile na siku iliyofuata alifuta vitabu vingine vyote, cha fidla, cha tarumbeta, cha ngoma, na kile cha klarineti akakiweka chini kabisa. Alifikiri kuuchana ukurasa. Lakini upande wake wa pili kulikuwa na wimbo wa kufungia, na pembeni palikuwa na mhuri wa nyumba na namba. Kitabu kisicho na mhuri ni kitabu kilichoibwa, na kitu kilichoibwa huulizwa. Alifikiri kuyanakili maneno kwenye karatasi nyingine. Yangekuwa nini? Mwandiko wa Casilda unaosema kwamba Casilda ni mjane. Alifikiri kwenda kwa padri na kitabu chini ya shali. Padri angesoma jina lililoandikwa pale. Na ndani ya sanduku kulikuwa na orodha ya bendi ya Zaragoza ya Januari iliyopita tu, na kwenye mstari wa klarineti ya pili: N. Lahoz. Alikuwa hai, anapiga, huenda ana mke anayemngojea na supu. Siku hizo watu walichukuliwa kwa machache kuliko yale. Ukurasa ule ungemfanya yeye mjane mbele ya watu, na ungemfanya mke wa Nemesio mjane vilevile.

Jumatano mchana Don Telesforo alikuja akasimama mbele ya meza ya Casilda. Kitabu kilikuwa wazi. Mzee aliinama kama anayetafuta miwani, akakaa ameinama kitambo, alipoinuka uso wake ulikuwa mweupe.

"Mimi sijasoma kitu, bibi Casilda," alisema. "Macho yangu ni mabovu. Lakini kesho anakuja mwenye macho mazuri."

"Don Telesforo, ni mume wangu huyu."

"Najua, mama."

"Sina karatasi nyingine. Dunia nzima, sina nyingine."

Mzee aligeuka. Alikwenda kwenye meza yake, akafungua kufuli, akaleta bofulo lote, jeupe, zima, akaliweka mbele ya Casilda. Kisha akavaa kofia akatoka kwenda kunywa kahawa ya shayiri, ingawa kahawa alikuwa amekwisha kunywa.

Casilda alianza na mistari ya Nemesio, kutoka chini kwenda juu, kiti cha Mmadrid, kiti cha Mmadrid, kiti cha Mmadrid. Ile barua ndefu aliifuta neno kwa neno, akilisoma kila neno kabla ya kulipitia, ili litoke kwenye karatasi likiwa limekwisha kuingia mahali pengine. Alibadilisha kidonge mara nne. Zilibaki tarehe za Ceferino. Hizo hazikumwogopesha mkaguzi yeyote: joto, treni, soprano. Lakini mkaguzi akiona tarehe zinakoma ghafla Septemba 11, na chini yake karatasi iliyosuguliwa mpaka imenyauka, atauliza. Sheria ilikuwa kufuta yote. Casilda alizifuta. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama zamani, wala hakulia, kwa kuwa chozi huharibu wino na hakuna mkate unaoweza kulifuta. Alipomaliza aliuinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa msafi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akaichukia.

Alirudi nyumbani kabla jua halijatua, akiwa na maganda yote ya lile bofulo ndani ya leso. Njia nzima alijifunza maneno. Mama, Ceferino amekufa. Amekufa tangu mwaka wa 1936. Hakumtoroka mtu. Aliyarudia kwa sauti ndogo, akihesabu hatua, na alipofika uani na wale wanawake wakapunguza sauti, alifikiri: subirini kidogo tu, mtaona nitakavyopita hapa kesho nikiwa nimevaa nyeusi. Karatasi hana, sawa. Lakini mama mtu akilia, jengo zima litaamini bila karatasi.

Práxedes alikuwa amekaa mezani, jiko la makaa chini ya miguu, makaa matatu, na makoti mawili mwilini. Alikuwa amekonda mwaka ule mpaka pete ilimtoka kidoleni, akawa anaifunga kwa uzi. Aliifungua leso, akayatazama maganda.

"Mkate wote huu," alisema. "Kwani nani kafa?"

Casilda alivuta kiti akakaa. "Mama, nimepata habari za Ceferino."

Kisu kilichokuwa kinamenya kitunguu saumu kilisimama. Mzee hakuinua macho. Aliukazia macho mkono wake mwenyewe, na Casilda akaona kidole gumba kinaibana ile pete ya uzi kwa nguvu, kama inayotaka kumponyoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ikampambazukia Casilda, hapo hapo, kwamba mama huyu hakuwa na yakini hata kidogo; kwamba miaka minne na nusu alikuwa akimtukana mwanawe dirishani ili aendelee kuwa hai.

"Yuko na yule Visitación," alisema Práxedes upesi, kabla mwenzake hajafungua mdomo.

Yale maneno aliyojifunza njiani Casilda alikuwa nayo yote, kwa mpangilio wake.

"Ndiyo, mama," alisema.

"Buenos Aires."

"Buenos Aires."

"Amenenepa?"

"Amenenepa."

Práxedes aliweka kisu chini. Alivuta pumzi, kisha akaanza kumtukana mwanawe kwa sauti ya uhai ambayo haikusikika katika chumba kile tangu kiangazi cha vita. Mbwa yule, mbwa mkubwa, anashiba nyama huko na sisi huku tunatafuna maganda. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Ndipo alipomwona mkwewe. Casilda alikuwa ameinama juu ya meza, uso kwenye mikono, na alikuwa analia kwa sauti, kilio cha kutoka tumboni, kama wanavyolia watu kando ya jeneza.

"Usimlilie mwanamume wa namna hiyo, mwanangu," alisema Práxedes, akamzungushia mkono na koti moja. "Hakufai. Sikiliza nikwambie, hakufai hata kidogo."

Casilda hakuweza kunyamaza. Alilia mpaka milango ikafunguliwa moja moja kuzunguka ua, mpaka wanawake wakaja mlangoni na vitambaa vyao vya mikono, na yule mmoja wa poda akaleta maji. Na mama mkwe, kwa fahari aliyoshindwa kuificha, akawaeleza wote kwamba ni kweli, habari zimefika, Ceferino yuko Buenos Aires, mzima, na anakula nyama kila siku.